Kamati ya TEHAMA ya kaunti yetu haina meno: nianzie wapi?

Swali: "Mimi ni mkuu wa TEHAMA katika kaunti moja ya huku Magharibi. Mwaka jana gavana aliunda kamati ya kusimamia uwekezaji wa teknolojia katika idara zote, nami nikafanywa katibu. Wanachama ni maafisa wakuu wote kumi. Tumekutana mara nne. Kikao cha mwisho kilichukua nusu siku, na muda mwingi tulikuwa tukijadili projekta na kompyuta za ofisi za wadi. Huku nyuma, idara ya afya imenunua mfumo wake wa hospitali, fedha wana wao wa ushuru, ardhi wana wao, na hakuna unaosomana na mwenzake. Nilipouliza, afisa mkuu mmoja aliniambia wazi kwamba kamati haina mamlaka juu ya pesa za idara yake na kwamba sheria iko upande wake. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kamati hii ni ya kazi gani? Mambo yakiharibika, naogopa jina litakaloandikwa kwenye ripoti ya ukaguzi ni langu."

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikaanzia mwisho, kwa sababu mzigo wenyewe uko kwenye ile sentensi ya mwisho. Umekabidhiwa ukatibu wa kamati ambayo uamuzi wake haufuatwi, na unahofia kubeba lawama za watu wengine. Hofu hiyo naijua. Nimekuwa katibu, na baadaye mshauri, wa kamati za namna hii katika kaunti kadhaa za ukanda huu wa ziwa, na hapa Kisumu ninapoishi bado napigiwa simu na makatibu wanaouliza jambo lilelile.

Tuanze na afisa mkuu wako. Alichokuambia ni kweli, ila ni nusu yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, afisa mkuu ndiye mhasibu mwajibikaji wa idara yake, yaani mtu anayejibu kwa matumizi ya pesa zake. Kifungu cha 226 cha Katiba kinasema mhasibu huyo anawajibika kwa bunge la kaunti, na kinaongeza kwamba mtu yeyote mwenye wadhifa wa umma akiidhinisha matumizi kinyume cha sheria, hasara inayotokea ni juu yake, hata akiwa ameshaondoka ofisini. Kwa hivyo kamati yako haiwezi kumwamuru atie sahihi, wala haiwezi kuchukua kalamu yake itie sahihi kwa niaba yake. Ukimwendea na barua ya "kamati imeamua" akakataa, amefanya sawa.

Nusu aliyoiacha ni hii: kabla pesa hazijawa za idara yake, zilikuwa za kaunti nzima. Zilipitia mpango wa maendeleo, zikapita kwa waziri wa fedha wa kaunti, zikapita kwa kamati kuu ya gavana, ndipo zikafika bungeni. Huko njiani ndiko kamati yako ina nafasi. Pesa zikishatengewa idara, mwenye neno ni yeye. Kabla ya hapo, kaunti ina haki yote ya kusema kwamba hakuna mstari wa teknolojia utakaoingia kwenye makadirio ya bajeti bila maoni ya kamati yaliyoandikwa. Hapo hujamnyang'anya mtu mamlaka yake. Umeweka mlango mahali ambapo kila mtu hupita.

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1996 walipitisha sheria iliyotaka kila wizara kubwa ya serikali kuu iwe na afisa mkuu wa teknolojia. Maafisa wakateuliwa, wakapewa ofisi na vyeo, lakini wengi hawakuwa na neno juu ya bajeti. Ilibidi mwaka 2014 bunge lao lipitishe sheria nyingine iliyosema maombi ya bajeti ya teknolojia yapitie idhini ya afisa huyo. Hiyo ni miaka 18. Katikati ya miaka hiyo ndipo tovuti yao ya bima ya afya ilipofunguliwa, tarehe 1 Oktoba 2013, ikakwama siku hiyohiyo mbele ya taifa zima. Watu wa kusimamia walikuwapo. Hawakuwa mahali ambapo pesa hupita.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni tarehe. Kamati yako hukutana lini? Kalenda ya bajeti ya kaunti unaijua: waraka wa bajeti, yaani maelekezo ya waziri wa fedha kwa idara, hutoka kufikia tarehe 30 Agosti, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili. Kamati inayokutana Mei kujadili mifumo ya mwaka unaoanza Julai imeenda kuomboleza, haijaenda kusimamia. Kikao chako kikubwa kiwe mapema Agosti, wakati idara bado zinaandika mapendekezo. Cha pili kiwe Januari, kabla viwango vya fedha vya kila idara havijafungwa. Vingine viwe vya kufuatilia tu, na visizidi asubuhi moja.

Mambo mawili ya kubeba. Kwenye waraka huo wa bajeti, muombe waziri wa fedha aandike kwamba pendekezo lolote la mfumo, programu au seva lisiloambatana na maoni ya kamati halitapokelewa. Sentensi moja tu. Ikishaandikwa humo, hutahitaji kubishana na afisa mkuu yeyote, maana atakuwa anabishana na waraka wa fedha. Na uenyekiti umwendee Katibu wa Kaunti. Yeye ndiye mkuu wa utumishi wa umma katika kaunti, na ndiye anayewasilisha maamuzi ya kamati kuu kwa idara. Maoni yenu yakipitishwa na kamati kuu kisha yakatoka kwa barua yake, yana uzito ambao barua yako wewe haitakuwa nao hata ukiiandika kwa wino wa dhahabu.

Kuna kosa lingine ambalo hukuliuliza ila naliona linakuja. Maafisa wakichoka na kamati isiyo na meno, mmoja atapendekeza kamati ishiriki kuchagua mshindi wa zabuni. Kataa kabisa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 ina kamati zake za kufungua na kutathmini zabuni. Kazi yenu iishie kwenye swali la kama kitu hiki kinahitajika, na irudi baada ya mkataba kusainiwa kuuliza kama kinafanya kazi. Nani auze, msiguse. Na kila mwanachama aandike mwanzoni mwa kikao kama ana uhusiano wowote na muuzaji. Wauzaji wa mifumo ni watu wa mikono mirefu na chakula kizuri.

Sasa nikueleze kwa nini mifumo hii huharibika, maana kamati isiyojua ugonjwa itaandika dawa yoyote. Pesa za kununua huonekana. Kuna hafla, kuna utepe, kuna picha. Pesa za kuendesha hazionekani. Chukua mfano: idara inunue mfumo kwa shilingi milioni 20, na mkataba udai asilimia 15 kila mwaka kwa leseni na matengenezo baada ya mwaka wa kwanza. Hiyo ni milioni 3 kwa mwaka. Katika miaka minne inayofuata umelipa milioni 12 juu ya zile 20, kabla hujalipia intaneti, betri, mafunzo ya makarani wapya na kompyuta zinazokufa. Idara tano zikifanya hivyo, kaunti ina deni la milioni 15 kila Julai kabla haijanunua hata panya mmoja wa kompyuta. Mgao kutoka Nairobi ukichelewa, na unajua huchelewa, leseni ndiyo bili ya kwanza kuachwa. Mfumo unazimwa. Watu wanarudi kwenye daftari. Mwaka wa tatu anakuja afisa mkuu mpya, anaukuta umekufa, ananunua mwingine.

Niliona haya kwa macho yangu katika hospitali moja ya kaunti ndogo, sitaitaja. Ripoti iliyoletwa kwenye kamati ilionyesha mradi uko asilimia 90 na alama ya kijani. Nikaenda mwenyewe asubuhi ya Jumatatu nikaketi kwenye benchi nyuma ya dirisha la mapokezi. Karani alikuwa na kompyuta mpya, na kando yake daftari kubwa la jalada gumu. Kila mgonjwa aliandikwa kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Stima ilipotea saa nne na nusu, jenereta ikanguruma, taa za wadi na chumba cha upasuaji zikawaka. Kompyuta ya mapokezi haikuwaka, kwa sababu hakuna aliyeunganisha chumba kile na jenereta. Nikamuuliza karani hufanyaje. Akanieleza kwamba jioni, foleni ikiisha, hukaa mpaka saa mbili za usiku akiyaingiza majina yale kwenye mfumo, la sivyo hesabu za siku zitaonekana sifuri na atapewa barua ya onyo. Ile kijani ilitoka pale. Ilikuwa jasho la mtu mmoja anayelipwa mshahara wa karani. Kurekebisha kulihitaji fundi wa stima na waya wa mita chache, na hakuna aliyeuliza kwa miezi saba.

Ndiyo maana maswali ya kamati lazima yawe ya chini hivyo. Nani ataketi mbele ya mfumo huu, na akizimiwa stima atafanyaje? Mwaka wa tatu nani analipa, na kwa mstari gani wa bajeti? Tukiachana na muuzaji, data yetu tunaipata kwa muundo gani na kwa siku ngapi, na je, hilo limeandikwa kwenye mkataba? Je, kuna mfumo wa serikali kuu au wa idara jirani unaofanya jambo hili tayari? Kwa afya swali hili halikwepeki tena: Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka mifumo ya afya isomane na wa kitaifa, na tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inayosimamia bima ya afya ya taifa, ianze kazi Oktoba 2024, hospitali ambayo mfumo wake hausomani itahangaika kudai malipo yake. Na kama mfumo unabeba habari za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka athari kwa faragha zitathminiwe kabla ya kuanza, wala si baada ya habari kuvuja. Jibu la kila swali liwe la mtu kwa jina lake. "Idara italishughulikia" si jibu.

Kuhusu zile projekta: ziondoe mezani leo. Weka kiwango. Kitu kisichobeba habari za wananchi, kisichokusanya pesa, na kisichogharimu zaidi ya kiasi mtakachokubaliana, kiende na idara yenyewe kwa orodha ya bei na viwango ambavyo ofisi yako imeshatoa. Mamlaka ya TEHAMA ya taifa ina viwango vya vifaa na vya usimamizi, huna haja ya kuvibuni upya. Jihadhari na kitu kimoja tu: kiwango chochote utakachoweka, mtu atakipitia chini kwa kugawa ununuzi mmoja vipande vitatu. Sheria ya ununuzi inakataza hilo waziwazi, na kazi yako ni kuliona mapema.

Unaweza kushawishika na njia nyingine mbili, nazo nizipime kwa haki. Ya kwanza ni kukusanya pesa zote za teknolojia chini ya ofisi yako. Inapendeza, na kwa kaunti yenye mifumo mitatu minne tu inaweza kufaa. Tatizo ni kwamba siku hiyo mfumo wa hospitali unakuwa mfumo wako. Muuguzi mkuu hataupigania, na ukikwama atasema ni mambo ya ICT. Ya pili ni kuipa kamati kura ya turufu. Nimeona ikijaribiwa, na kilichotokea ni kwamba idara ziliacha kuyaita mambo yao teknolojia. Mfumo wa maabara ukaandikwa "vifaa vya maabara" na ukapita. Mimi nasimama na mlango wa bajeti nilioueleza, pamoja na pesa kutolewa kwa hatua.

Hatua maana yake ni hii. Zabuni iwe moja na mkataba mmoja, lakini ndani yake kazi ikatwe: kituo kimoja kwanza, kipimwe, kisha vitano, kisha vyote, na kaunti iwe na haki ya kusimama mwishoni mwa kila hatua bila kulipa yaliyobaki. Hii si kugawa ununuzi, kwa kuwa zabuni ni moja na thamani yake yote imetangazwa. Wamarekani wana mfuko wa kuboresha mifumo ulioanzishwa kwa sheria ya 2017, nao unaendeshwa hivyo: bodi hukubali mradi, lakini pesa hutoka kidogo kidogo kadiri ahadi zinavyotimizwa. Na huna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano wa kuanza padogo. Kituo cha afya cha Mosoriot, pale Nandi, ndiko mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walipoanzisha kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Kilikuwa kituo kimoja. Waliyojifunza pale yalisaidia kuzaa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na leo inatumika katika nchi nyingi.

Kabla ya yote hayo, fanya orodha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona kaunti ambayo methali hii haikuiuma. Usizitumie idara barua zikuandikie mifumo waliyo nayo, utapata nusu. Nenda hazina, omba vocha za malipo za miaka mitatu, utafute neno leseni, neno programu, neno matengenezo, neno intaneti. Kwa kila mfumo andika nani anautumia, mkataba unaisha lini, seva iko wapi, na nywila ya msimamizi iko kwa nani. Hapo kwenye nywila utashtuka. Katika kaunti moja tuligundua kwamba ufunguo mkuu wa mfumo mzima wa mapato ulikuwa kwenye simu ya kijana mmoja wa muuzaji aliyekuwa ameshaacha kazi. Orodha hiyo ndiyo ajenda yako ya kikao kijacho, na nakuahidi hakuna atakayezungumzia projekta.

Na ukaguzi? Jina lako litalindwa na maandishi. Toa maoni ya kitaalamu kwa kila pendekezo, yatie tarehe, yaingie kwenye kumbukumbu, hata kama kamati imeamua vingine. Mkaguzi wa ndani aalikwe kama msikilizaji. Ukiambiwa kwa mdomo upitishe jambo, omba kwa adabu liandikwe. Wengi huishia hapo.

Kuna mambo ambayo jibu langu halitoshi, uende kwa mtu ana kwa ana. Kama kuna mkataba unaojirefusha wenyewe, au muuzaji anashikilia data yenu, usimwandikie hata barua pepe moja kabla ya kuketi na Wakili wa Kaunti na mkataba mkononi, kwa sababu sentensi moja ya haraka inaweza kugeuka ushahidi dhidi yenu. Kama habari za wagonjwa au walipa ushuru zimevuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, saa 72 zimeanza kuhesabiwa tangu mlipojua, na Kamishna wa Data lazima aarifiwe ndani yake. Kama unashinikizwa kutia sahihi kitu unachokijua si halali, ondoka ofisini, mtafute wakili wako binafsi, kisha uende kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Hilo si la kuandikiana.

Lakini wiki hii, kabla ya orodha na kabla ya waraka, chagua hospitali iliyo mbali zaidi na makao makuu ya kaunti yako. Usiwapigie simu. Fika kabla foleni haijajaa, ujitambulishe kwa msimamizi, uombe kiti karibu na karani wa mapokezi, na ukae hapo mpaka stima ipotee.